Bima inalipia dawa. Anayemgeuza mama usiku analipwa na nani?

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Tabora mjini, mtaa wa Isevya. Nina miaka 39, ni mtoto wa pili kati ya watatu, na kabla ya haya nilikuwa fundi cherehani mwenye kibanda changu sokoni. Mama yetu ana miaka 68. Mwaka juzi alipata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Maneno yanamtoka kwa shida ila akili anayo, na akiudhika unajua kabisa kaudhika. Huyu ndiye aliyetusomesha kwa michembe na asali baada ya baba kufariki, kwa hiyo sitaki mtu adhani ninamlalamikia yeye.

Ninayemhudumia ni mimi. Nilihamia kwake na wanangu wawili. Usiku naamka kila baada ya saa mbili kumgeuza, kwa sababu mwanzoni, kabla hatujaelekezwa, alitoka kidonda kwenye nyonga kikachukua msimu mzima wa mvua kupona. Kibanda nilikifunga. Cherehani iko hapa nyumbani, imekuwa meza ya kuwekea dawa.

Pampasi za watu wazima peke yake kwa mwezi zinakaribia laki moja. Dawa za presha zikikosekana zahanati nanunua dukani. Bado bajaji ya kwenda mazoezi, sabuni, uji wa lishe. Kaka yetu mkubwa ni mwalimu wa sekondari Nzega, ana kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa. Yumo yeye, mkewe na watoto watatu, nafasi moja ya mtegemezi haina mtu. Nilimwomba amwandike mama akasema mama ni mzee, wazee wanatibiwa bure, nafasi hiyo isichezewe. Kumbe wifi anataka aandikwe mama yake yeye. Mdogo wangu ni dereva wa lori, hutuma elfu thelathini, mwezi mwingine hatumi, na siku akituma lazima abandike ujumbe wa muamala kwenye grupu la familia kila mtu aone.

Pasaka tulikaa kikao. Mdogo wangu akasema tuuze kiwanja cha Kiloleni alichoacha baba ili tuweke dada wa kazi. Kaka akasema kwa nini tuhangaike, pale Ipuli kuna makazi ya wazee ya serikali, tumpeleke. Mama alikuwa chumba cha pili na mlango uko wazi.

Baadaye mtoto wa mama mdogo aliyeko Ujerumani akaandika kwenye grupu kwamba kule bima ya serikali inamlipa anayemhudumia mzazi nyumbani, sisi tumelala. Na si Ujerumani tu. Jirani yetu hapa alikuwa mpakiaji kwenye ghala la tumbaku, mzigo ukamwangukia, sasa hatembei, na mfuko wa serikali unamlipa yeye na unatoa fedha kwa ajili ya mkewe anayemhudumia. Nimeona kwa macho. Kwa nini yeye apate na mama yangu asipate? Kuna bima gani ya umma ninayoweza kumkatia mama ikanilipia hata nusu ya haya? Kuna mtu wa mikopo keshaniambia nikitaka laki tano napata leo leo. Nishauri, nimechoka.

Mtoto wa Kati, Isevya

*

Marahaba mwanangu.

Lile uliloniuliza nalijibu kwanza nisikuzungushe: hakuna. Tanzania Bara haina bima ya umma inayomlipa mtu anayemhudumia mzazi aliyelala nyumbani kwa kiharusi. NHIF haina fungu hilo, CHF, yaani mfuko wa afya ya jamii, haina, na msamaha wa matibabu kwa wazee hauna. Zote tatu zinalipia kinachofanyika kwenye kituo cha afya: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, mazoezi tiba. Mgonjwa akishavuka geti kurudi nyumbani, pampasi, uji, bajaji na usingizi wako vinahesabiwa kuwa mambo ya familia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 nayo ni ya matibabu, kwa hiyo akitokea wa kukwambia subiri hiyo itakulipia pampasi, mshukuru uendelee na safari.

Jirani yako hakudanganya, ila fedha yake inatoka chungu kingine. Ule ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea michango 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, sasa hivi asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, mfanyakazi hakatwi kitu. Mtu akiumia au kuugua kwa sababu ya kazi, mfuko unamtibu, unamlipa ulemavu, na akiwa hawezi kujihudumia bila msaada wa mtu daima, lipo fao la anayemhudumia mgonjwa. Kwenye mifuko yetu yote ya hifadhi ya jamii ninayoifahamu, hapo ndipo mahali pekee ambapo kazi unayoifanya wewe usiku imetajwa na kutengewa fedha. Sharti lake ni kwamba ajali iwe ya kazini na mwajiri awepo. Mama yako alijiajiri kwa michembe na asali, mwajiri wa kumchangia hakuwepo. Nikikaa nikiwaza hilo huwa linanikera, maana wanawake wengi wa Tabora waliobeba uchumi wa nyumba zao kichwani wako upande huohuo wa ukuta.

Ndugu yenu wa Ujerumani naye kasema kweli, lakini kasema nusu. Wenzetu walianzisha bima ya utunzaji mwaka 1995, peke yake, mbali na bima ya matibabu. Kila mfanyakazi anakatwa kuanzia mshahara wa kwanza. Tangu 2025 mchango ni asilimia 3.6 ya mshahara, mwajiri akibeba sehemu, na asiye na mtoto anafika asilimia 4.2 kwa kuwa hakulea wachangiaji wa kesho (wifi zetu wa mjini wangeandamana). Ukihitaji msaada anakuja mkaguzi nyumbani, anaangalia unaweza kuoga mwenyewe, kuvaa, kula, kwenda msalani, kisha anakupa daraja la 1 hadi la 5. Mgonjwa wa daraja la 4 anayetunzwa na ndugu zake nyumbani anapewa yuro 800 kwa mwezi, naye ndiye anayempa anayemtunza. Ndugu huyo anaweza hata kuchangiwa pensheni yake. Hata hivyo anayeishi kwenye nyumba ya wazee kule bado anatoa mfukoni fedha nyingi, kwa sababu bima ile inalipa sehemu tu. Japani walianza mwaka 2000, wanachangia kuanzia miaka 40, na wao hawampi ndugu fedha kabisa: wanaleta mhudumu nyumbani, nawe unalipa asilimia 10 ya gharama, mwenye kipato kikubwa hadi 30. Zote hizo ni fedha zilizokusanywa miaka mingi kabla mgonjwa hajaugua. Usikae ukaona aibu kwamba umelala, hujalala. Chungu hicho hapa hakijawekwa mekoni. Cha karibu kabisa nchini ni Zanzibar, ambako tangu 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea anapata pensheni jamii, ilianza shilingi 20,000 kwa mwezi na sasa ni 50,000, awe aliajiriwa au hakuajiriwa.

Sasa turudi Isevya, maana yapo ya kufanya.

Kaka yako kasema wazee wanatibiwa bure. Muulize: kadi ya mama iko wapi? Msamaha wa matibabu kwa wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo upo kwenye Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, lakini haumfuati mtu kitandani. Unaanzia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa wanaomtambua mama kuwa ni mzee asiye na kipato, unapita kwa afisa ustawi wa jamii, halmashauri inatoa kitambulisho. Nenda na kitambulisho chake cha NIDA na picha. Mweleze mtendaji kwamba mgonjwa hawezi kufika, waje wamwone nyumbani. Wakati huohuo uliza ni mhudumu gani wa afya ngazi ya jamii anayehudumia mtaa wenu, na umwombe awe anapita kupima presha na kuangalia ngozi ya mgongo na nyonga. Umehangaika na kidonda kimoja, cha pili usikisubiri.

Lakini mwanangu, msamaha una kasoro uliyokwisha kuiona mwenyewe: dawa ikikosekana dirishani, unarudi na karatasi mkononi. CHF iliyoboreshwa nayo ndivyo ilivyokuwa. Ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita iliyoanza 2018 ilifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, kwenu ni Kitete, na hapo dawa ikiisha imeisha. Ndiyo maana nafasi iliyo wazi kwenye kadi ya kaka yako nataka tuizungumze kwa kirefu.

Kaka yako ni mtumishi wa umma. Kila mwezi anakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya NHIF na mwajiri anaongeza 3. Akatwe akiwa na mtegemezi mmoja, akatwe akiwa nao wanne, makato ni yaleyale. Nafasi ile ikikaa wazi hakuna senti inayorudi mfukoni mwake. Mwambie hivyo hivyo, bila kelele, kwa sababu nahisi anadhani anabana kitu. Mama akiwa kwenye NHIF, dawa iliyokosekana kituoni anaweza kuandikiwa fomu akaichukua kwenye duka la dawa lenye mkataba na Mfuko, mazoezi tiba yanalipiwa, na milango ya vituo inaongezeka. Pampasi hapana. Usiende pale ukitegemea pampasi.

Wifi yako usimgeuze adui. Utaratibu unaruhusu mwanachama kumwandika mzazi wa mwenza, kwa hiyo anachotaka ni halali. Swali la kuulizana ni nani kati ya wale wamama wawili anaumwa leo, na je, yule mwingine hana mtoto mwenye kadi? Kama mama wa wifi ana mtoto mtumishi mwingine, jambo limekwisha. Kama hana, na naye anaumwa, basi kaka yako ana uamuzi mgumu na ni haki yake kuufanya, ila aufanye mbele yenu, asijifiche nyuma ya neno bure.

Ipuli. Makazi yale ni ya wazee wasio na ndugu wala wa kuwatunza, na mtu hupelekwa kupitia ustawi wa jamii. Kaka yako akifika na mama yake, atakutana na swali moja tu: watoto wako wapi? Atajibu nini, mwalimu mzima? Sisemi hivyo kwa kuyadharau makazi hayo, wapo wazee ambao bila hayo wangekuwa barabarani. Nasema nafasi ya mzee asiye na mtu haichukuliwi na mzee mwenye watoto watatu na grupu la familia.

Na kiwanja cha Kiloleni, hebu kwanza mniambie kina jina la nani. Kama bado kiko kwa jina la marehemu baba na mirathi haijafunguliwa, hakuna hata mmoja wenu mwenye uwezo wa kukiuza kihalali kabla mahakama haijateua msimamizi wa mirathi. Mnunuzi mwenye akili atakimbia, atakayebaki ni mlanguzi wa bei ya chini. Kikiuzwa, fedha ile mtaila kwa mwaka, labda miwili, halafu mama bado yupo, Mungu amweke, nanyi hamna kiwanja wala mpango. Halafu yeye ni mjane, ana haki yake pale. Umeniambia akili anayo. Mmemuuliza? Mlijadili pa kumpeleka huku mlango uko wazi. Kikao kijacho kifanyeni chumbani kwake, akae kwa mito, aulizwe maswali ya kujibu kwa ndiyo na hapana kama kusema kunamchosha.

Lililobaki baada ya bima na msamaha ni la kwenu watatu, na hapo ndipo mnapodhulumiana. Mdogo wako akituma elfu thelathini anaonekana kachangia. Wewe uliyefunga kibanda unaonekana upo tu nyumbani. Chukua daftari, andika kila kinachotoka kwa mwezi mmoja: pampasi, dawa, bajaji, sabuni, chakula. Kisha mstari wa mwisho andika kazi ya kumhudumia mama, usiku na mchana, na uweke kiasi ambacho kibanda kilikuwa kinakuingizia. Usione haya. Kama mko tayari kuuza kiwanja ili mlipe dada wa kazi, maana yake wote mmekubali kwamba kazi hii ina bei. Basi bei hiyo ihesabiwe hata anayeifanya akiwa dada yao. Mkigawa jumla kwa tatu, wewe utakuta fungu lako umeshalilipa na wao wanadaiwa.

Kaka aweke kiasi kinachohama chenyewe benki siku ya mshahara, maana fedha ya kukumbushana huzaa ugomvi. Mdogo wako, ambaye kazi yake ina miezi mizuri na mibaya, apewe kitu badala ya kiasi: pampasi na sabuni ni zake, anunue anakopita bei ya jumla ashushe mzigo akikatiza Tabora. Akibandika picha ya mzigo kwenye grupu, mpigieni makofi, watu wengine wameumbwa hivyo. Na kaka ni mwalimu, ana likizo ya Juni na ya Desemba. Apewe zamu za usiku. Wiki moja ya kuamka kila saa mbili itamweleza mambo ambayo barua yangu haiwezi.

Pampasi tuzipunguze. Wewe ni fundi. Shona nepi za kitambaa za kufunga ubavuni, taulo au pamba nzito ndani, nje kitambaa kisichopitisha maji, uwe nazo za kutosha kufua na kubadilisha mchana. Pampasi za dukani zibaki za usiku na za safari ya kliniki. Ila kitambaa kikilowa kitolewe palepale, unyevu ndio unaofungua ngozi. Muombe mtaalamu wa mazoezi akufundishe ya kufanyia nyumbani ili safari za bajaji zipungue. Na ile cherehani itoe dawa juu yake. Wapo wagonjwa wengi waliolala majumbani hapo mjini, na sijui fundi anayewashonea.

Mtu wa laki tano mwambie asante, hapana. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya matumizi ya kila mwezi hauna mahali pa kuishia, utaondoka na cherehani yenyewe. Siku ukitaka kurudi kazini kwa nguvu, ulizia mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, lakini si sasa ukiwa na usingizi wa vipande vipande. TASAF, mfuko unaosaidia kaya maskini, pia mtajie mtendaji, ukijua kwamba kaya huibuliwa na kuhakikiwa kwenye mtaa kwa vipindi vyake, si jambo la kwenda kujiandikisha Jumatatu. Na wewe mwenyewe, fedha ikianza kuingia, nenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ukajiunge kwa hiari kama mjasiriamali, hata kwa kidogo. Mama yako hakupata mtu wa kumwambia hivyo.

Nakujua utasoma haya yote halafu ushindwe pa kuanzia kwenye grupu. Tuma hii, badilisha utakavyo:

“Kaka, na mdogo wangu, habari zenu. Nimeandika matumizi yote ya mama ya mwezi huu pamoja na kazi yangu, nitayaweka hapa Jumapili. Naomba tukae tena, safari hii chumbani kwa mama, naye aseme. Mdogo wangu, pampasi na sabuni naomba ziwe zako kuanzia mwezi ujao, ukubwa ni L. Kaka, nimeambiwa makato yako ya NHIF hayaongezeki mama akiandikwa, kwa hiyo ukija likizo ya Juni njoo na cheti chako cha kuzaliwa, chenye jina lake, twende ofisini pamoja. Godoro lako la zamu ya usiku nitakutandikia.”